Nilichokifuta Chini ya Jedwali la Kwaya

Afande,

Ni mimi, Nambozo. Usianze kucheka. Najua ulisema barua ni kazi ya karani na kazi ya fundi ni sindano, lakini leo umeme umekatika hapa Walukuba, Jinja, tangu asubuhi, pasi ya makaa bado haijashika moto, na nina maneno ambayo hayamfai mtu mwingine yeyote. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo mimi na wewe. Wewe wa kabila la Lango, mimi Mgisu, na katikati yetu kilikuwepo Kiswahili: chako cha kambi ya askari magereza, changu cha shule ya Kenya, ng'ambo ya Busia, ambacho ulikiita Kiswahili cha redio. Nikisema "ningependa kuuliza", uligeuka nyuma kutazama kama kuna wageni.

Mengi yamebadilika tangu tukupeleke kwenu Lira tukakuzike. Chumba chako cha ushonaji pale Namakwekwe, Mbale, sasa ni saluni. Nilipita juzijuzi, nikasimama mlangoni nimeduwaa, mpaka wakaniuliza nataka kusuka mtindo gani. Ule ukuta wako wenye alama za chaki wameupaka rangi ya waridi. Waridi, Afande! Mkeo, Mama Akello, hajambo. Amepungua mwili, lakini bado anagombana na kila mtu juu ya chumvi. Mimi nina cherehani mbili sasa, na ile ya kwanza, uliyonisindikiza nayo hadi kituo cha basi siku niliyohamia Jinja, bado inakata uzi ikiona nina haraka.

Laptopu yako pia iko kwangu. Mkeo aliniletea imefungwa ndani ya kipande cha kaki, na kamba juu, kama mtoto anayesafirishwa. Herufi A imefutika kabisa kwa kidole chako. Nikiigusa mahali pale, nakupata.

Nakumbuka siku ilipofika. Akello, binti yako, aliileta kutoka Kampala, kuukuu, nzito, isiyoweza kubeba zile programu kubwa za mahesabu. Akakuwekea programu ya kuandikia tu, maandishi matupu, hakuna rangi wala mapambo. Jedwali unalichora mwenyewe kwa vijiti: kijiti kilichosimama, namba ya mtu, kijiti, jina lake, kijiti, kifua, kijiti, kiuno. Ukibonyeza kitufe kile cha pembeni, vijiti vyote vinasogea na kujipanga. Ulivuta kiti nyuma, ukasimama, ukaipigia kompyuta saluti.

"Ona hii! Iko nasimama laini moja kama askari!"

Na chini ya jedwali, mstari mmoja wa maagizo. Kila safu ina namba yake, na mbele ya namba kuna alama ya dola. Mama Akello alipoiona akauliza dola za Marekani zinatafuta nini kwenye mashati ya askari jela. Ukamwonyesha kwa fahari yote: $6=$3+4. Yaani safu ya sita, upana wa kukata, ni safu ya tatu, kifua, ukiongeza inchi nne za kupumulia. Unaandika mara moja tu. Bonyeza, na safu nzima inajijaza kutoka mtu wa kwanza mpaka wa mwisho. Kabla ya hapo nilikuwa nakokotoa mtu mmoja mmoja, kwa kalamu, kwenye kiganja cha mkono, na nikinawa kabla ya chakula nilikuwa nimepoteza sare tano. Siku hiyo tulikuwa na walinzi sitini wa kuwashonea. Ulibonyeza, sitini wote wakajaa, ukaniangalia, nami nikakuangalia, tukaangua kicheko kama watu waliookota kitu njiani.

Zile asubuhi, Afande. Wewe ukipima, mimi nikiandika. Ulipaza sauti kana kwamba uko uwanja wa gwaride: "Kifua, talatini na nane! Kiuno, arobaini!" Wateja wanene walikuomba upunguze sauti, nawe ukajibu kwamba namba si matusi. Saa nne ulikula muhogo wa kuchemsha na simsim yenu, ufuta wa kusaga, umesimama, mkono mmoja nyuma, hatua tatu kutoka kwenye kitambaa. Mimi nilikula popote, na ulikuwa ukikuta makombo yangu ndani ya sanduku la vifungo. Uliniita panya wa magereza. Hakuna mtu tena anayeniita jina baya kwa mapenzi namna ile.

Ila wapo watu ambao namba zao hukuzitangaza. Hao uliwapeleka nyuma ya pazia, ukatoka kimya, ukaniambia sogea, ukaandika mwenyewe. Mimi nilishukuru kwamba vidole vyangu vinapumzika. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Na ile siku niliyogombana na safu, unaikumbuka? Niliona namba ya mtu mmoja hainipendezi, nikaifuta, nikaandika yangu kwa mkono. Nikabonyeza, ikarudi ile ile. Nikaandika tena, ikarudi tena. Nikasema hii kompyuta ina shetani, aitwe mchungaji. Ulicheka hadi ukajifuta machozi kwa tepu ya kupimia. "Safu iko kama afande mkubwa," ukasema. "Hapana sikia wewe mmoja." Nikakuuliza, sasa mtu akiwa tofauti na wengine tunamfanyaje? Ukaacha kucheka. "Hiyo nitafundisha wewe siku ingine. Hiyo hapana ya haraka."

Siku hiyo haikupatikana. Nilihamia Jinja, ukawa unanipigia Jumapili kuniuliza kama nakula, kisha presha ikakuchukua asubuhi moja wewe ukiwa unanoa mkasi, na mimi nikawa mtu wa kupokea habari kwenye simu.

Sasa nikuambie nilichokifanya. Nimezunguka vya kutosha.

Kwaya yenu ya Mbale iliamua kukufanyia ibada ya kumbukumbu, na siku hiyo wavae sare mpya. Watu ishirini na wanne. Mama Akello akasimama mbele ya kanisa akasema sare atashona Nambozo, kwa sababu huo ndio mkono wa mzee uliobaki. Nilivimba kichwa, Afande. Nilirudi Jinja sioni mashimo ya barabara. Nilitaka siku hiyo kila mtu amwangalie mwenzake aseme: kweli, mzee hajaondoka.

Nikafungua faili lako la kwaya. Majina yote yapo, na mimi nimo, mstari wa kumi na saba, ingawa ni miaka mitano tangu niache kuimba nanyi. Hukunifuta. 

Kisha nikashuka chini ya jedwali. Badala ya fomula tano sita nilizozizoea, nikakuta mkia. Baada ya fomula za safu ulifuata msururu wa alama za @ na namba na dola na nukta, @5$7 hivi, @9$6 vile, mpaka unatoka nje ya skrini. Nikasema, masikini, macho ya mzee yalikuwa yamechoka, vidole vilikuwa vinateleza. Nikakuonea huruma. Na, nisikufiche, nikajisikia raha kidogo pia, kwamba mwanafunzi amefika mahali pa kusafisha kazi ya mwalimu. Nikafuta mkia wote. Nikabakiza fomula za safu peke yake, fupi, safi. Nikahifadhi. Nikabonyeza. Namba zikajipanga laini kama askari.

Hata nilicheka. Ulikuwa na safu mbili za pindo la sketi, moja ya kushoto na moja ya kulia, na fomula yake ni ile ile. Nikasema mzee huyu, kwani sketi ina pande mbili zinazogombana?

Nilikata, nikashona, nikapiga pasi, nikafunga mizigo, nikaenda Mbale. Tulijaribu sare Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa, madirisha wazi, watu wamefurahi. Mimi nilikuwa tayari nimevaa yangu, kwa maringo.

Wa kwanza Mzee Wamimbi, besi wetu. Shati lilipanda mgongoni na kubaki juu kama hema, na mbele likamning'inia. Nimeimba nyuma ya yule mzee miaka sita, Afande, na sikuwahi kuona kwamba mgongo wake umepinda kiasi kile. Kumbe miaka yote nilikuwa nikiyaona mashati yako. Akalivuta chini, likapanda. Akacheka, akasema ni uzee. Sikucheka.

Halafu Mama Nafuna.

Unamjua alivyo, sauti ya kwanza, mwenye kutembea kama aliyebeba mtungi hata akiwa mikono mitupu. Blauzi ilimkaa vizuri upande mmoja. Upande wa pili ikabonyea ndani, tupu.  Ilichukua muda mpaka nikaelewa ninachokiona: kwamba aliugua, kwamba walimfanyia upasuaji wakaondoa titi, kwamba hakumwambia mtu yeyote pale kanisani, na kwamba wewe ulikuwa ukimshonea blauzi ambazo hazikusema neno. Ya kwangu ilisema, mbele ya kwaya nzima. Alijifunika kwa leso, akatoka na ile blauzi mwilini, hakugeuka. Kesho yake akamwambia Mama Akello kwamba ibada atahudhuria lakini hataimba. Na wimbo wako, Afande, ule uliokuwa ukiupiga mluzi ukitia uzi kwenye sindano, unaanza na sauti yake peke yake.

Nilibaki ukumbini nimeshika pini. Mama Akello akanisogelea, akatazama miguu yangu.

"Pindo lako limeanguka kushoto."

Nikamwambia leo nimekata vibaya kila kitu, la ajabu liko wapi. Akapiga magoti, akaweka tepu upande huu, akaweka upande ule. Akarudia kupima. Mkeo akipima mara mbili, ujue jambo lipo. Kisha akasema, bila kuinua uso: "Nambozo, mguu wako wa kushoto ni mfupi kidogo. Afande aliona siku ya kwanza ulipoingia dukani. Alituambia tusikwambie. Alisema unatembea vizuri."

Nilikukasirikia. Naomba ulisikie hili huko uliko. Miaka yote hiyo! Viatu vyangu, kimoja kinaisha soli kabla ya mwenzake, na mimi nimewatukana mafundi viatu wa Mbale na wa Jinja, wote, bila kubagua. Na ile patani ya sketi uliyonikatia kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, ukaandika kushoto, ukaandika kulia, ukaniambia usikate sketi yako bila hii. Nimeitii tangu hapo kama mtoto, isipokuwa safari hii, nilipoliamini jedwali. Sketi zangu zote zimesimama sawasawa, nami nikadhani ni mimi niliyesimama sawasawa. Nyumba nzima ilijua na ikanipakulia chakula na kunitania kama kawaida. Nililia kwa hasira, kisha nikaona hasira imeisha na bado nalia.

Nilimpigia Akello. Akanieleza taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Ile alama ya @ ni mstari, dola ni safu. Ule mkia ulikuwa wa fomula za kisanduku kimoja kimoja. Fomula ya safu inatawala watu wote, lakini mtu akiwa na fomula yake mwenyewe, hiyo ndiyo inayosikilizwa, hata ubonyeze mara mia. Akaniuliza kama kuna nakala. Hakuna. Nilikuwa nimehifadhi juu yake.

Basi nikaelewa ulichokuwa ukifanya peke yako nyuma ya pazia. Hukuandika mgongo. Hukuandika ugonjwa. Hukuandika mguu. Mtu akifungua faili anakutana na majina na namba, na chini yake kitu ambacho mjinga kama mimi atadhani ni uchafu. Uliwaficha wote humo, na mimi nikaja na ufagio.

Nilikaa Mbale siku kumi. Mama Akello alinipa chumba cha nyuma, nikaita watu mmoja mmoja, mlango umefungwa, na mara ya kwanza maishani mwangu nikapima kwa sauti ya chini. Nashukuru kitu kimoja: ulinigombeza sana juu ya kuacha inchi mbili ndani ya mshono mpaka mkono wangu hauwezi kukata bila akiba. Kwa hiyo kulikuwa na kitambaa cha kufumua na kuachia. Watu tisa, Afande. Tisa kati ya watu niliodhani nawajua. Mzee Wamimbi alijigeuza mwenyewe ili nimpime mgongo, akasema, "Wee pima tu, mwanangu, hauumi."

Kwa Mama Nafuna nilienda mimi, kule Nkoma. Aliniacha nje nimesimama huku akiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Sikuleta visingizio. Nilimwambia kwamba wewe hukumtaja hata kwenye karatasi, kwamba siri yake ilikuwa salama kwako, na aliyeitoa ni mimi kwa kudhani najua zaidi. Akaifuta sufuria ile ile mara tatu. Mwishowe akasema, "Afande alikuwa ananipima macho ameangalia dirisha." Akaingia ndani, akaacha mlango wazi. Nilimfuata. Akainua mikono, nami nikampima nikiangalia dirisha.

Nilimshonea ndani kama ulivyokuwa ukimshonea, pamba na kitambaa laini, na nilipomaliza aliivaa akajitazama kwenye kioo, na blauzi haikusema kitu. Lakini akaitoa na kuikunja. "Imekaa vizuri. Ila sasa wanajua, Nambozo. Watakuwa wanatafuta tu. Nikisimama pale mbele, macho yao yatakuwa hapa." Akaweka mkono kifuani.  Tepu yangu haina inchi za jambo hilo.

Usiku wa kuamkia ibada, Mama Akello aliniletea sketi yangu na kisu cha kufumulia. Nikamwambia aiache. Akaniangalia. Nikamwambia, iache hivyo hivyo.

Asubuhi nikavaa sare yako mpya na pindo lake lililoanguka kushoto, na nikavaa viatu bapa ili lionekane vizuri zaidi. Mahali pangu pa zamani kwenye kwaya ni mstari wa pili. Nikaenda kusimama mstari wa mbele, katikati, ubavuni mwa kiti cha Mama Nafuna, ambako aliketi na leso yake mabegani. Kanisa lilijaa. Maafande wenzako wa zamani wa magereza walikuwepo na kofia zao mapajani. Nilianza kusikia minong'ono kutoka benchi la akina mama: fundi mwenyewe, angalieni, fundi mwenyewe pindo limempinda! Mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. Watoto walicheka waziwazi. Masikio yangu yaliwaka moto, Afande, sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilikaza magoti, nikaachia nyonga ishuke inavyotaka.

Mama Nafuna akafuata macho ya watu. Akatazama sketi yangu, akatazama miguu yangu, kwa muda mrefu kuliko wote. Halafu akatoa leso mabegani, akaiweka kwenye kiti, akasimama. Mkono wake ulikuwa wa baridi uliponishika. Kanisa zima lilikuwa likitazama pindo langu, na yeye akaanza wimbo wako, peke yake, mpaka mwisho wa ubeti wa kwanza, kabla sisi wengine hatujaweza kufungua midomo.

Kwaheri, Afande wangu. Asante kwa miaka yote uliyonyamaza. Nakuahidi kwamba sitafuta tena nisichokielewa, na kwamba watu nitakaowapima watapimwa macho yangu yakiwa dirishani. Nimeandika ule mkia upya chini ya jedwali la kwaya, watu tisa, kwa namba tupu, na hakuna atakayezisikia kutoka kwangu.

Mguu wangu bado sijauandika. Nataka kwanza nitembee nao kidogo, nikijua.

Panya wako,
Nambozo